Nyumba Sita Zilizotafuta Watoto

Siku yangu ya mwisho kazini nilirudisha kadi ya mlango kabla ya kuchukua koti. Mlango ukajifunga, nikabaki nje kwenye mvua na keki mkononi, nikiwapungia wenzangu kupitia kioo waje wanifungulie. Wao wakadhani naaga mara ya pili, wakanipungia pia. Wengine walitoa machozi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu kazi ya afisa nyumba hapa London, na nyinyi mliobaki ndani, khasa nyinyi vijana mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, ndio mlioniandama, "Auntie Saada, andika." Haya, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili: ndiyo lugha ninayoweza kuitia chumvi bila kupima, na meneja haisomi.

Vyeo na mishahara sitavisema. Vyeo nilipata viwili, na kimoja kilikuwa kosa la kompyuta.

Nilianza kwa kusafisha maofisi mchana na kwenda chuo cha jioni Peckham, juu ya duka la nywele za bandia, kusomea cheti cha mambo ya nyumba. Darasa letu lilikuwa la wasusi, madereva wa basi, walinzi wa milango, na mchungaji mmoja wa kanisa aliyekuwa akisema "Amina" kila mwalimu alipomaliza kusoma kifungu cha sheria. Sheria ya wapangaji haijapata kuaminiwa vile tangu itungwe. Nilifaulu, na mume wangu akaipigia simu dunia nzima. Habari zilipofika Unguja zilikuwa zimeshanenepa: Saada amekabidhiwa nyumba za London azigawe. Kwa mwezi mzima nikapokea maombi kutoka Mwembeladu mpaka Makunduchi, na mtu mmoja aliomba Buckingham kama bado haina mtu.

Ofisi yangu ya mwanzo ilikuwa Thamesmead, na bosi wangu alikuwa Bi Hansa, Mhindi wa Kisumu anayekaa Queensbury, mwembamba kama sindano na mkali vivyo hivyo. Kiswahili chake kilikuwa kikavu na safi, cha dukani kwa baba yake. Asubuhi ya kwanza alinitazama toka ushungi mpaka viatu.

"Wewe wa Unguja?"

"Ndiyo, Bi Hansa."

"Basi leo tutachelewa. Nyinyi mpaka mmalize kuulizana habari za wakwe na mbuzi, nyumba imeshaungua."

Alinipa tochi na kifunguo kidogo cha kutolea hewa kwenye mabomba ya joto, akaniambia hivyo viwili ndivyo vitakavyonilisha, cheti nikitundike ukutani kizibe ufa. Halafu akanifundisha kugonga mlango. Nyinyi mnacheka, lakini hakuna chuo kinachofundisha. "Usigonge kama polisi," akasema. "Gonga kama jirani aliyeishiwa sukari." Mpaka leo hakuna mlango ulionikatalia, isipokuwa ule wa ofisi yenyewe siku ile ya keki.

Kisha akanifundisha kunusa. Watu huficha, alisema, lakini ukuta hauna aibu. Wiki ile ile tukaingia flati ya juu kabisa ya jengo moja, tukakuta ukungu mweusi umetoka chooni, umepita koridoni na umeshafika sebuleni kwenye televisheni. Ulikuwa mkubwa hata nikamuuliza Bi Hansa kama na wenyewe hauna haki ya kuandikishwa mpangaji. Akasema tungeuandikisha, lakini haulipi kwa wakati. Flati ya chini yake alikuwapo mama mmoja wa Kikongo aliyetuita kwa sababu kabatini mwake mlikuwa na jini linalokohoa. Alikuwa ameshaliombea kwa siku kadhaa bila ya kupona. Bi Hansa akafungua kabati, akainama na tochi, akasikiliza kama daktari. "Jini hili linatumia gesi," akasema, "na halijakaguliwa tangu lizaliwe." Fundi wa boila, ile mashine ya gesi ya kuchemshia maji, akaja, akalitoa.

Bi Hansa alipostaafu aliniachia meza yake na kiti kinachozama upande mmoja. Mimi nikaendelea na esteti zangu, mitaa ya majengo ya kupangisha, nikizeeka taratibu, mpaka miaka yangu ya mwisho waliponipa kijiji.

Kijiji chenyewe sikitaji jina. Kiko nje ya London, treni mbili na basi moja linalokuja likijisikia. Chama chetu cha nyumba, kilichoniajiri, kilikuwa kimejenga huko nyumba sita za kodi nafuu. Kiswahili chetu kina neno moja tu, kodi, kwa unachoipa serikali na unachompa mwenye nyumba, na kazi yangu yote ilikuwa kuvipatanisha hivyo viwili: serikali inamwachia mjenzi sehemu ya kodi yake na kumwongezea ruzuku, naye anakubali kumpunguzia mpangaji. Sharti la kijijini lilikuwa moja. Anayepewa nyumba lazima awe na uhusiano na kijiji: amezaliwa pale, au ana wazee pale, au anafanya kazi pale. Ofisi nzima hakuna aliyetaka kwenda. Walisema hakuna mtandao wa simu na kuna ng'ombe. Meneja akasema, "Saada, wewe unajua kuzungumza na watu." Maana yake ni kwamba koti langu lilikuwa zito kuliko ya wote.

Maradhi ya kijiji kile yalikuwa umri. Nyumba nzuri zilikuwa zimenunuliwa na watu wa London wanaokuja Jumamosi kuzifungulia madirisha, na vijana wa pale, kwa kukosa pa kukaa, wakahama. Walibaki wazee. Mtu waliyemtegemea kupanda ngazi na kubadilisha taa za ukumbi alikuwa amepita sabini, nao wakimwita kijana. "Mwiteni yule kijana," watasema, ugeuke umwone anakuja na mkongojo.

Na palikuwa na skuli. Skuli ya msingi ya madarasa mawili, yenye kengele ya shaba, Mwalimu Mkuu mmoja mwanamke, na watoto wachache kiasi kwamba wakicheza kujificha, hakuna anayebaki wa kutafuta. Watu wa elimu wa wilaya walikuwa wameshamwambia: Septemba ikiingia bila watoto wapya wa kutosha, mlango unafungwa. Walimtajia na namba wanayoitaka. Mimi siitaji hapa, na mtaona kwa nini.

Basi kijiji kizima kikaweka matumaini kwenye nyumba zetu sita. Tano za mwanzo zikapata watu wenye uhusiano halali kabisa: watoto wa kijiji waliorudi nyumbani. Tatizo ni kwamba walikuwa watoto wenye mvi. Mmoja alirudi baada ya talaka, mwengine baada ya upasuaji wa nyonga. Walileta mbwa. Mwalimu Mkuu alisimama barabarani siku ya kuhamia, akitazama kila gari linaloshusha mizigo, na kila mlango ukifunguliwa anashuka mbwa. Mbwa hawaandikishwi skuli.

Ikabaki nyumba ya sita, kubwa kuliko zote, ya vyumba vinne vya kulala. Waombaji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mpwa wa mjumbe mmoja wa kamati ya kijiji, na mkewe, bila watoto. Wa pili alikuwa Mwanakombo.

Mwanakombo ni mtu wa Pemba, akiwahudumia wazee katika nyumba ya wazee ya pale pale kijijini. Kila siku akitoka Thamesmead alfajiri kwenda kumvalisha soksi mzee wa watu na kurudi jioni. Kwa kazi hiyo alikuwa na uhusiano na kijiji kushinda wengi waliozaliwa pale. Mumewe, Faki, akiendesha gari la kupeleka vifurushi. Walikaa flati ya chumba kimoja pamoja na watoto wao na mama yake Faki, Bi Mize. Kama si nyumba hii ya sita, foleni yao ya London ilikuwa ndefu hata Mwanakombo alisema watoto wataolewa na kuoa wakiwa bado ndani yake.

Nilikwenda kuwatembelea. Bi Hansa alinifundisha kwamba ukitaka kujua wanakaa wangapi, usiulize, tazama viatu mlangoni. Viatu vya pale vilianzia mlangoni, vikafuata korido, vikageuka kona, na vingine vilikuwa vimehifadhiwa kwa jirani. Mtoto mmoja alikuwa akifanya hesabu ndani ya hodhi la kuogea, kaegemea mto. Mwengine akitoka chini ya meza kila nikinyanyua kikombe, anatazama, anarudi. Bi Mize alikuwa amekaa kitandani katikati ya nguo zilizokunjwa, kama malkia juu ya mizigo yake.

"Bi Mize," nikasema baada ya kuamkiana kwa kituo, "kwa ajili ya kazi yangu, ningependa kukusikia mwenyewe. Wajukuu ni wangapi?"

Akanitazama kwa masikitiko. "Saada, wewe mtoto wa nani?"

"Wa Bi Zuwena, wa Ng'ambo."

"Bi Zuwena alikuwa akikuhesabu?"

"Hapana, bibi."

"Na umekua?"

"Nimekua."

"Basi."

Sikuuliza tena. Nyinyi mliozaliwa hapa pengine hamkuliona hili, kwa hiyo nalisema: kwetu mtoto hatajwi kwa namba. Ukiulizwa unao wangapi, unasema wapo, alhamdulillah, na muulizaji mwenye adabu anatosheka. Ukitaja namba, umemfungulia mlango mwenye jicho baya, akamchague mmoja. Mwanakombo na Faki wamesoma, wanafanya kazi na mashine, lakini Bi Mize akiwamo chumbani hakuna ambaye angeithubutu namba ile. Vyeti vya kuzaliwa nilikuwa navyo ofisini, lakini hivyo vimefungwa na sheria za siri za watu, siwezi kuvisoma mbele ya kamati ya kijiji. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimefungwa mara mbili, na sheria ya Waingereza na ya Bi Mize. Ya Bi Mize ndiyo niliyoiogopa.

Kamati haikuwa na kura katika kugawa nyumba, ilikuwa na sauti tu. Lakini aliyefanya kazi vijijini anajua sauti hiyo inaweza kushinda kura. Meneja alitaka baraka yao kabla hajatia sahihi, na siku ya baraka tukapanda treni sote wanne: mimi, Faki, Mwanakombo, na Bi Mize aliyebeba mkate wa kumimina ndani ya sufuria. Njiani alitazama mashamba yanavyopita. "Nilitoka shamba Pemba nikaletwa mjini London," akasema, "na sasa narudishwa shamba. Si wangeniacha kule kule tukaokoa nauli?"

Ukumbini walitungojea watu watatu nyuma ya meza. Katikati mwenyekiti, Bwana Pell, mfuga kondoo aliyekuja na viatu vyake vya matope. Kulia kwake Mwalimu Mkuu, amekalia ncha ya kiti. Kushoto Bwana Hodge, mwenye yule mpwa, mtu mrefu wa shingo, ambaye mwenyewe alihamia kutoka London juzi tu, na hakuna mwenye uchungu wa kijiji kama aliyehamia juzi.

"Mmesafiri vizuri?" Bwana Pell akauliza.

Sisi ukituuliza tumesafiri vipi, tunakujibu. Faki akaanza na treni ya kwanza. Alipofika kwenye basi, Bi Mize akaingilia, akauliza kupitia kwangu habari za Bwana Pell, za mkewe, za kondoo, za mvua, na za magoti yake, maana alimwona anavyokaa kwa shida. Magoti ya Bwana Pell hayakuwa yameulizwa hali na mtu yeyote tangu daktari wa kijiji aondoke. Akayaeleza, moja baada ya jingine. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

"Tuingie kwenye shughuli," Bwana Hodge akasema, akifungua karatasi. "Hapa tumeandikiwa kuwa mna mtoto mmoja. Anaitwa..."

Akaishia hapo. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amejifunza kulitamka, akamsaidia kwa sauti ya upole: "Alhamdulillah."

"Alhamdulillah," Faki akaitikia, akifurahi kumsikia mama wa Kiingereza anamshukuru Mungu.

"Alhamdulillah," Bi Mize naye. Na mimi, kwa mazoea.

Bwana Hodge akatutazama mmoja mmoja. "Nyote mnaitwa hivyo?"

Hapo nikaelewa. Faki alipojaza maombi, penye nafasi ya watoto aliandika jibu la mtu mwenye adabu, na mtu fulani ofisini kwetu, simtaji, mpo naye, akalichukua kuwa jina.

"Hilo si jina," nikasema. "Ni jibu."

"Jibu la swali gani?"

"La watoto wangapi."

"Na ni wangapi?"

"Wapo," akasema Mwanakombo.

"Wapo wangapi?"

"Wapo kiasi."

Mwalimu Mkuu akaweka mikono yake mezani. "Mama," akasema, "nisamehe kwa kukuuliza tena. Skuli yangu inafungwa. Nimekuwa pale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikijua idadi yao, nitajua kama niwaambie wale nilionao watafute skuli nyengine."

Mwanakombo alitaka kusema, wallahi alitaka. Namba ilimpanda, ikafika kwenye meno. Bi Mize akakohoa. Namba ikarudi ilikotoka.

"Mnaona," Bwana Hodge akasema. "Watu wasiosema wako wangapi wanaficha jambo. Mpwa wangu hana siri. Ni yeye, mkewe, na kasuku wawili."

"Huyu mwenye shingo ya bata anasemaje?" Bi Mize akaniuliza.

"Anasema ana mpwa, bibi."

"Mwambie Mungu amkuzie."

"Bibi anamwombea mpwa wako," nikamwambia Bwana Hodge, naye akashukuru bila ya kujua afanye nini na uso wake.

"Na mwambie," Bi Mize akaendelea, "hatukuja mnadani. Anayehesabiwa ni mbuzi, na hata mbuzi mwenye akili zake hamhesabu mbele za watu."

Mpaka dakika ile nilikuwa nimetafsiri kila kitu kwa sukari. Hili nikaliacha kama lilivyo, kwa sababu sikuona sukari ya kulitosha. Bwana Pell akaweka kikombe chini.

"Anamaanisha nini kuhusu mbuzi?"

"Ni desturi, Bwana Pell. Ukihesabu watoto, au wanyama, unaita balaa."

"Mama yangu alinizaba kibao," Bwana Pell akasema polepole, "nilipohesabu wana-kondoo siku waliyozaliwa. Na mwaka ule tulipoteza wengi. Sijahesabu tena. Natazama zizi. Likijaa, limejaa."

Nikamtafsiria Bi Mize. Akamtazama Bwana Pell kwa mara ya kwanza kama mtu. "Huyu kalelewa," akasema. Akasukuma sufuria la mkate mbele yake.

"Bwana mwenyekiti," Bwana Hodge akasema, "watu wa wilaya hawataki zizi. Wanataka namba."

"Waje waitafute wenyewe." Bwana Pell alikuwa ameshajaza mdomo mkate. "Waleteni watoto Jumamosi, mama. Tutatazama zizi."

Jumamosi ile gari la Faki la vifurushi likasimama mbele ya skuli, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nitie chumvi au nisitie, ni mamoja: walishuka. Wakaendelea kushuka. Ilifika mahali nikatazama upande wa pili wa gari kama kuna mlango mwengine wanakoingilia. Kamati ilikuwa imejipanga getini, Bwana Pell ameinua uso anatazama mawingu kwa heshima, Bwana Hodge anatazama saa. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza nani amewasahau wale ng'ombe nje. Mwalimu Mkuu alikuwa ametulia, lakini midomo ilikuwa ikimcheza.

"Saada," Bi Mize akasema, "mwambie mwalimu afunge mdomo."

Nikamwambia. Akaufunga, mikono ikaenda nyuma, na nina hakika vidole viliendelea huko.

Ila Mwanakombo si mtu wa kudanganya. "Hawa wenye makoti ya kijani ni wa dada yangu," akasema. "Wamefuata ng'ombe. Na hawa warefu ni wa sekondari." Wakatengwa, wakaondoka na Bwana Pell kwenda kuona kondoo, na kila mmoja aliyeondoka, uso wa Mwalimu Mkuu ukashuka kidogo, kama maji ya kisima mwezi wa kiangazi. Waliobaki wakawa kundi dogo, wamepoa, wanatazama viatu vyao.

Mwalimu Mkuu akanivuta kando. "Nimepanga viti darasani," akaninong'oneza. "Ni vile wanavyovitaka wilaya, hakikuzidi hata kimoja. Viti si vinahesabika? Muulize."

Nikamuuliza Bi Mize. Akalifikiri kama kadhi aliyeletewa kesi ya mirathi.

"Kiti hakina mama," akasema. "Ahesabu."

Tukaingia. Viti vidogo vilikuwa vimepangwa safu mbili mbele ya ubao. Watoto wakakaa, wakigombea vya dirishani, mmoja akakaa kinyumenyume akarekebishwa na bibi yake kwa jicho tu. Hakuna aliyetaja kitu. Tulikuwa watu wazima tumesimama ukutani, tunatazama viti kama watu wanaotazama mpira wa penalti. Safu ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa, ikabaki nafasi moja katikati, tupu, kama pengo la jino.

Bwana Hodge akajisafisha koo.

Faki akamtazama mkewe. Mwanakombo akazungusha macho darasani, mara moja, kwa haraka ya mama. "Nassor yuko wapi?"

Mlango ukafunguliwa. Bwana Pell akasimama pale amemshika mkono mtoto wa kiume aliyejaa matope mpaka masikioni.

"Huyu nimemkuta zizini," akasema. "Ni wangu au ni wenu?"

"Wetu," Mwanakombo akasema.

Nassor akaenda akakaa kwenye ile nafasi, matope yote, na Mwalimu Mkuu akageukia ubaoni, akawa anafuta ubao usiokuwa na maandishi. Alifuta muda mrefu.

Nilidhani yameisha. Lakini yule mdogo wao, Mwanaidi, aliyekuwa muda wote ameshikilia buibui la bibi yake, akaona wenzake wote wamekaa, akaliachia. Akaenda mpaka mbele, akatafuta kiti, hakukipata. Akasimama katikati ya darasa, mdomo wa chini ukaanza kutoka.

Tulikuwa tumejiandaa kwa upungufu, si kwa ziada. Bwana Hodge ndiye aliyetoka. Tukasikia viatu vyake vinavuka ua kuelekea ukumbini, nami nikasema moyoni, haya, huyo kasusa. Akarudi amekumbatia kiti cha mwenyekiti wa kamati, kile cha mbao nzito chenye mikono na mto mwekundu, kinachozidi kimo cha Mwanaidi. Alikuwa anahema. Akakiweka mwisho wa safu, akakitikisa kuona kama hakichezi, akampisha. Mwanaidi akapanda kwa magoti, akageuka, akakaa miguu inaning'inia, akalitazama darasa kama mtu aliyekuja kufungua mkutano.

"Mpwa wangu," Bwana Hodge akasema bila ya kumtazama mtu, "hata hivyo hapendi matope."

Nyumba ya sita wakapewa wao. Siku ya funguo niliwaonyesha vyumba vyote vinne, mabomba ya joto, boila isiyokohoa, na kesho yake Mwanakombo akanipigia simu. Watoto walikuwa wamevuta magodoro yote usiku, wakalala chumba kimoja na bibi yao katikati. Vyumba vitatu vitupu. Nikamwambia awape muda. Mtu aliyezoea kulala na kisigino cha ndugu yake mbavuni hawezi kukiacha siku moja. Skuli haikufungwa. Watu wa wilaya walikuja Septemba na kalamu zao, Mwalimu Mkuu akawakaribisha vizuri na kuwaonyesha viti.

Na hii ni ya mwisho, halafu niende nikale keki iliyolowa. Wiki yangu ya kuondoka simu ya mezani ililia, alikuwa Mwalimu Mkuu.

"Saada, kabla hujaondoka. Nitahitaji kiti kimoja zaidi. Kidogo."

"Cha Septemba hii?"

"Hapana, hakina haraka. Labda miaka minne, mitano. Bi Mize amenambia niishie hapo, nisiongeze neno."

Viti vya skuli si kazi ya ofisi ya nyumba. Nikamwambia amesema vizuri, nikakiagiza.